Trei ya shawa imepasuka kwa miezi saba tu. Niiweke kwa miguu, kwa tofali au niilaze kwenye udongo wa saruji?

Mkazi wa Chuno

Wakuu, habari za jioni. Nimeamua kulileta hapa kwa sababu nimetafuta maelezo ya Kiswahili juu ya jambo hili sikuyapata, na najua wapo wengi wanaomalizia nyumba sasa hivi ambao watakutana nalo.

Niko Mtwara, mtaa wa Chuno. Pesa ya korosho ya mwaka juzi ndiyo iliyomalizia bafu la chumba kikubwa. Mke wangu alitaka shawa ya kona yenye vioo, basi nikaagiza Dar trei, yaani lile beseni bapa la kusimamia unapooga, ya akriliki (plastiki ngumu), sentimita 90 kwa 90. Ni ile nyeupe ambayo ukiipindua unaona faiba na ubao, na inakuja na miguu mitano ya kuzungusha: minne pembeni, mmoja katikati. Fundi alikuja asubuhi, akafunga miguu, akaisimamisha juu ya jamvi (sakafu ya zege), akaunga westi (tundu la kutolea maji) na bomba. Saa kumi jioni nilikuwa nimeshamlipa. Ilipendeza kwelikweli.

Mwezi wa tatu tukaanza kusikia mlio. Ukikanyaga karibu na westi inalia kama kitanda cha kamba. Mwezi wa tano silikoni ya upande wa ukuta ikaachia, pakabaki mwanya wa kupitisha ukucha. Mwezi wa saba mama yangu akaja kutoka Nanyamba. Mama hataki shawa, anaoga kwa ndoo na kata, amekaa juu ya kigoda. Alipokaa tu akasikia kitu kimekatika. Ufa ulianzia kwenye westi ukaenda karibu shibiri nzima hadi pale ulipokuwa mguu wa kigoda. Namshukuru Mungu hakuumia, lakini tangu siku ile anaoga bafu la uani usiku na giza lake, na hilo linaniuma kuliko pesa.

Nilipoing'oa nikakuta maji yamelala chini, mende wamejaa, na mguu wa katikati haugusi jamvi hata kidogo. Kidole changu cha shahada kilipita chini yake bila shida. Yaani pembe nne zimeshikwa, na pale pote tunapokanyaga ni hewa.

Sasa nimenunua nyingine ya saizi ileile. Hii ni ya resini iliyochanganywa na unga wa mawe, nzito, tumeibeba watu wawili kutoka kwenye gari. Kabla sijamwita fundi naomba mnisaidie kuamua: miguu, kuiinua kwa tofali, au kuilaza moja kwa moja kwenye udongo wa saruji? Bafu liko chini, jamvi la zege, na kutoka westi hadi ukuta wa nje ni mita 1.6.

korosho2

Pole mkuu, na mpe pole mama. Swali langu ni hili: trei ya nini? Mabafu yetu tangu zamani ni sakafu yenye mwinamo, tailizi zisizoteleza, na tundu la maji kwenye kona. Hakuna cha kupasuka.

Mkazi wa Chuno

Nakubaliana na wewe kwa bafu la uani, lile naliacha kama lilivyo. Hili la ndani liliwahi kuwa hivyo hivyo. Maji yalikuwa yanapita kwenye viungo vya tailizi, yanakwenda chini ya mlango hadi chumbani, na ukuta wa chumba ukafura rangi. Trei ni kipande kimoja, haina viungo katikati. Kosa halikuwa trei, kosa ni tulivyoiweka.

Fundi Bomba Lindi

Mkuu, mimi ni fundi bomba, nafanya kazi Lindi mjini, Mtanda, Mitwero na huko kote. Umeeleza vizuri sana, maana umeona mwenyewe kilichoiua. Nitaandika kwa urefu kidogo.

Trei haipasuki kwa sababu mtu ni mzito. Inapasuka kwa sababu inacheza. Kila ukikanyaga inashuka milimita moja au mbili, ukitoka inarudi. Fanya hivyo mara kumi kwa siku kwa miezi, hata bati lingekatika. Kabla ya kukatika huwa inakwambia: kwanza inalia, kisha silikoni inaachia kwa sababu ukingo unashuka na ukuta uko palepale. Ulipata dalili zote mbili. Mwenye kusoma hapa ambaye trei yake inalia leo, asisubiri ufa.

Na kigoda ndicho hasa kinachomaliza kazi. Mtu akisimama, uzito wake unasambaa kwenye nyayo mbili. Akikaa kwenye kigoda cha miguu mitatu, uzito wote unashuka kwenye vipande vitatu vidogo kama sarafu. Ongeza ndoo ya lita 20, ambayo peke yake ni kilo 20. Viwanda vingi vinavyotengeneza hizi trei vinamfikiria mtu aliyesimama. Sisi tunakaa. Kwa hiyo huku kwetu chini ya trei panatakiwa pajae kuliko hata karatasi ya kiwanda inavyosema.

Kuhusu miguu, siyo mibaya yenyewe. Imetengenezwa kwa trei nyepesi za akriliki, na nyumba nyingi za Ulaya zina sakafu za mbao ambazo huwezi kuzimwagia udongo ovyo. Huko pia fundi anataka nafasi ya kupitisha bomba chini. Ukitumia miguu ni lazima yote iguse, na wa katikati ndio uanze nao kuuhakiki, kisha kaza nati za kufungia, maana zisipokazwa mguu unajizungusha wenyewe kwa mtikisiko. Ila hiyo ya pili uliyonunua, ya resini na mawe, isahau miguu. Zimetengenezwa zilale juu ya kitu kigumu, chini yote. Ziko zinazouzwa na fremu yake maalumu, hiyo ni habari nyingine, yako hukusema kama inayo.

Mbao chini yake usiweke. Mchwa wa huku tunawajua, na bafuni kuna unyevu wanaoupenda.

Udongo wenyewe: saruji ndoo moja, mchanga ndoo tano. Usiuzidishe saruji ukidhani unaongeza nguvu, hapa hatujengi nguzo. Tunataka kitu kinachojaa kila mahali na kisichonywea na kuacha nafasi kinapokauka. Uwe mkavumkavu: ukiufinya mkononi ushikane, usichuruzike maji. Mchanga uwe wa mtoni au wa shimo. Wa ufukweni achana nao hata ukipewa bure, una chumvi, na chumvi inavuta unyevu miaka yote. Utaona weupe unachipua kwenye ukuta. Tandaza sentimita moja na nusu hadi mbili, eneo lote, ukiacha nafasi kuzunguka westi. Narudia, eneo lote. Kuna mafundi wanaweka mabonge matano, moja kila kona na moja katikati. Hiyo ni miguu mitano kwa jina lingine.

Povu la kufura la kwenye kopo nalo naona linaingia mjini. Linapofura linaweza kuinua trei upande mmoja usiku, asubuhi unakuta levo imekwenda.

Jambo la mwisho kwa leo, ambalo nimelirekebisha kwenye nyumba nyingi: trei ina mwinamo wake ndani, kiwandani wameshauweka. Wewe kazi yako ni kuhakikisha ukingo wake umelala sawa kabisa kwa pimamaji, pande zote nne na kona kwa kona. Fundi aliyezoea sakafu anaiinamisha kidogo kuelekea westi “maji yaende”. Matokeo yake maji yanalala kwenye kona moja, na kioo cha mlango kinajifungua chenyewe.

mama_wa_wawili

Fundi, asante kwa maelezo. Na mimi niongeze la kwangu, niko Magomeni hapa Mtwara. Yangu iliinuliwa kwa tofali, ikajengewa pande zote, ikapigwa tailizi vizuri mno. Nzuri kuangalia. Mwaka wa pili ikaziba. Nywele za wasichana wangu na sabuni. Fundi alipokuja hakuwa na pa kupitia, trapu (kile kikombe chini ya westi kinachobaki na maji ya kuzuia harufu) iko ndani ya boksi la tofali na westi ni ile ya zamani ya tundu dogo isiyofunguka kwa juu. Tukavunja tailizi sita, na rangi ile sikuipata tena dukani. Kwa hiyo Mkazi wa Chuno, kabla hujafikiria egemeo, fikiria utaifikiaje trapu.

Halafu kuna urefu wa kupanda. Yangu ni kama ngazi ya baraza. Mama mkwe wangu ana magoti, anashika ukuta na mkono wa mjukuu.

Mkazi wa Chuno

Dada, hapo umenigusa. Mama yangu naye magoti hayamruhusu. Fundi, nikitumia tofali trei itafika wapi?

Fundi Bomba Lindi

Tupige hesabu. Tofali la inchi 5 likilazwa linakupa sentimita 12 na nusu. Weka udongo sentimita moja na nusu, umefika 14. Unene wa trei kama 4. Kizingiti ni sentimita 18 juu ya jamvi. Kwa kijana siyo kitu. Kwa mama mwenye magoti, tena miguu ina sabuni wakati wa kutoka, ni hatari.

Faida ya tofali ni moja: huvunji jamvi. Bomba la inchi moja na nusu linahitaji kushuka kama milimita 25 kwa kila mita. Mita 1.6 mara 25 ni milimita 40. Kwa hiyo kutoka trapu hadi ukuta wa nje linashuka sentimita 4, na ukiwa umeinua kwa tofali, linapita juu ya jamvi bila tatizo. Watu wanalichagua kwa sababu hiyo tu.

Kama kweli mama ndiye unayemfikiria, vunja jamvi. Siyo lote. Toboa kishimo cha trapu na mfereji mwembamba hadi ukutani, trei ilale karibu na sakafu. Nyumba zetu nyingi msingi umeinuka juu ya ardhi, kwa hiyo bomba likitokea kwenye msingi bado lina nafasi ya kuingia kwenye chemba (shimo la maji machafu huko nje). Pima kwanza huko nje. Kama mdomo wa chemba uko juu kuliko bomba litakapotokea, mpango umekufa, rudi kwenye tofali. Ukitoboa jamvi utakutana na nailoni ya kuzuia unyevu, usiiache imechanika.

Na ukizika trapu, lazima iwe ya kufunguka kutoka juu. Zile westi za tundu la milimita 90 unainua kifuniko, unachomoa kikombe cha ndani kwa mkono, unatoa nywele, unarudisha. Trei nyingi za siku hizi zina tundu hilo. Pima la kwako.

Mdau wa Ligula

Natofautiana na fundi kidogo, kwa heshima. Mimi nimeweka trei mbili za akriliki kwa miguu kwenye nyumba ya wapangaji, mwaka wa nne sasa ziko salama. Miguu inakupa nafasi ya kurekebisha, na paneli ya mbele inachomoka, bomba unaliona lote. Ukimwaga udongo umefunga ndoa, kuing'oa ni kuivunja.

Fundi Bomba Lindi

Mdau, hujakosea. Za akriliki kwa miguu, ikikaguliwa kila mguu, zinakaa. Na kuna viwanda vinavyokataza kabisa kumwagia udongo trei zao za akriliki, kwa hiyo karatasi inayokuja nayo isomwe kabla haijatupwa na maboksi. Wapangaji wako wanaoga kwa shawa au kwa ndoo?

Mdau wa Ligula

Shawa. Ni vijana wa ofisini. Nimekuelewa.

Niseme na mimi kimoja: mguu ukivunjika huku ni safari. Siku nilipokosa nati moja ilibidi nisubiri basi la kutoka Dar, zaidi ya kilomita 550. Saruji inatengenezwa hapahapa Mtwara.

Mikindani Mjini

Samahani nachelewa. Kwa wenye nyumba za zamani kama zetu za Mikindani, kuta za matumbawe na chokaa, pimeni kona kabla ya kununua. Sisi tulinunua trei ya 90, tukaisukuma kwenye kona, upande mmoja umegusa na mwingine una uwazi wa vidole viwili. Ukuta una tumbo. Njia rahisi ya kujua: kutoka kwenye kona weka alama sentimita 60 ukuta mmoja, 80 ukuta mwingine, kisha pima kati ya alama. Ikiwa 100, kona yako ni mraba. Yetu ilisoma 103.

Fundi wa kwanza alitaka kujaza uwazi kwa silikoni. Tulimkatalia. Tulinyoosha ukuta kwa plasta kwanza, ndipo tukarudisha trei.

Fundi Bomba Lindi

Mmefanya vizuri kumkatalia. Silikoni ni ya milimita tatu, nne. Siyo ya vidole viwili.

Mkazi wa Chuno

Wakuu, nimerudi. Zimepita wiki mbili na kazi imefanyika, nimekuwa saidia fundi mwenyewe siku zote tatu. Naandika ilivyokwenda ili uzi huu umfae mwingine.

Nje kwanza. Tulifunua chemba, tukapima kwa futi na mpira wa maji: mdomo wa kuingilia uko sentimita 32 chini ya usawa wa jamvi. Basi tukaamua kuvunja. Fundi alikata mistari kwa grenda, kishimo cha sentimita 25 kwa 25 na mfereji wa upana wa kiganja. Vumbi lilifika sebuleni, wenye makochi wafunike. Nailoni ilichanika kama fundi wa Lindi alivyosema. Tuliweka kipande kingine juu yake kikipishana vizuri, kisha tukasiliba kishimo kwa udongo chini na pembeni ili mchwa wasipate mlango.

Trapu niliyopata ina urefu wa sentimita 8 kutoka chini ya trei hadi kitako. Ina maji ya kuzuia harufu ya kina cha sentimita 5. Tuliunga bomba, tukalipa mshuko wake, na kabla ya chochote tukamwaga ndoo mbili kwa nguvu. Nikashika viungo vyote kwa karatasi ya chooni kavu, kimoja baada ya kingine. Kiungo cha elbo (kona ya bomba) kililowesha karatasi. Kidogo tu, alama kama ya chozi. Bila karatasi tusingeiona kwa macho, na ingekuwa imeshafunikwa. Kikafunguliwa, kikasafishwa, kikapakwa gundi upya.

Kisha tukaiweka trei kavu, bila udongo, kuona kama inakaa na tundu linalingana na trapu. Tukachora mstari wa penseli ukutani kuifuata. Tukaitoa. Tukalowesha jamvi, tukatandaza udongo wa moja kwa tano, tukaupiga rula. Hapo ndipo nilipoona tofauti na ile kazi ya kwanza: fundi alishusha trei, akaibonyeza kwa viganja, kisha akaiinua tena. Nikadhani amekosea. Akanionyesha chini ya trei. Udongo ulikuwa umeshika kote isipokuwa kipande cha ukubwa wa sahani upande wa kushoto, pamebaki pasafi. Pale hapakuwa pamegusa. Akaongeza udongo pale tu, akashusha tena. Pimamaji pande nne, kisha kona kwa kona. Gonga kwa ngumi ya mkono, sikiliza. Kila mahali sauti ilikuwa nzito, hakuna palipolia utupu.

Siku nzima hakuna aliyekanyaga. Baadaye silikoni kati ya trei na ukuta mtupu, kabla ya tailizi. Tailizi zikashuka juu ya ukingo wa trei zikiacha nafasi ya milimita tatu, na nafasi hiyo ikajazwa silikoni ya pili, ile ya bafuni isiyoshika ukungu. Fundi wa tailizi alitaka kuijaza kwa saruji nyeupe kama viungo vingine. Nilimwomba asifanye, kwa sababu saruji nyeupe ni ngumu, mahali ukuta na trei vinapokutana itakatika tu. Alikubali.

Kizingiti kimebaki chini ya sentimita 6.

mama_wa_wawili

Hongera sana kaka. Hiyo ya kuinua na kuangalia chini nitaikumbuka. Sasa ukisafiri trapu si itakauka? Bafu la wageni kwangu linanuka nikifungua baada ya likizo.

Fundi Bomba Lindi

Ndiyo, kwa joto letu maji ya trapu yanapungua bila mtu kuyagusa, na yakiisha harufu na mende wanapita wazi. Bafu lisilotumika, mwaga kopo la maji kila baada ya wiki mbili. Na hongera Mkazi wa Chuno. Subiri silikoni ikae saa 24 kamili kabla ya maji.

Mkazi wa Chuno

Imekaa siku mbili. Mama amepiga simu, anakuja Jumamosi. Kigoda chake nimekivisha raba kila mguu, nimezikata kutoka tairi la baiskeli, na jana nilikaa juu yake mwenyewe ndani ya trei na ndoo imejaa pembeni. Haikulia.